Wateja wa Mzee Lubinza

Ipo nchi moja, si ya zamani wala si ya mbali, inaitwa Jamhuri ya Tutafika. Ni nchi nzuri, tuseme ukweli. Ina bendera ya rangi saba, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na nne, na ina mawaziri wengi kuliko visima. Mwenye wivu na aone wivu.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo palikuwa na soko la tangu enzi za mabibi, Soko la Kwa Mfuga, na humo alikuwamo mama mmoja muuza viungo, Bi Sikudhani. Meza yake aliirithi kwa mama yake: iliki, binzari, mdalasini, pilipili manga, kila kitu kwenye kopo lake. Mumewe, Mzee Lubinza, alikuwa fundi wa mizani mpaka miguu ilipoanza kuvimba na pumzi kumpungukia. Walijaliwa mtoto mmoja tu, Nyamizi, naye aliondoka na homa akiwa na miaka tisa. Walimzika Makaburi ya Bondeni, na kila Jumapili Mzee Lubinza alikokota miguu yake hiyo mibovu mpaka huko, akang'oa majani, akarudi. Pembeni ya kaburi la mtoto alikuwa ameacha nafasi ya mtu mmoja. Alikwishamwambia mkewe mara nyingi, "Mke wangu, siku yangu ikifika, nilaze pale na Nyamizi. Sitaki kingine." Bi Sikudhani naye aliitika kila mara, hata alipokuwa amechoka kuitika.

Soko la Kwa Mfuga lilikuwa na desturi yake, na desturi hiyo ilikuwa haina mjadala. Mmoja akifiwa, soko zima linafunga. Muuza nyama anafunika nyama, muuza chapati anapindua kikaango, na wote wanakwenda kuzika, waliogombana na wasiogombana. Hata wezi wa soko siku hiyo walipumzika, wakabeba jeneza kwa zamu.

*

Basi Serikali ikaona watu wake wanateseka kwa kununua vitu karibu na nyumbani. Ikaunda tume. Watu ishirini na sita, pamoja na wake zao na baadhi ya mashemeji, walizunguka nchi kumi na mbili za ng'ambo kutazama wenzetu wananunuaje vitunguu. Walikaa miezi minne. Waliporudi, mashavu yamejaa, waliandika ripoti ya kurasa mia sita, na kiini chake kilikuwa hiki: kila walikokuta maduka makubwa yenye wateja tele, nje yake walikuta uwanja mpana wa kuegesha magari, na uwanja huo ulikuwa nje ya mji. Hivyo wataalamu wakahitimisha kwamba kinacholeta wateja ni uwanja wa magari. Ajabu ni kuwa miaka yote hiyo hakuna aliyeliona jambo dogo namna hii.

Likatafutwa eneo, kilomita kumi na tisa kutoka mjini, katika Nyika ya Mbwemwe, mahali ambapo hata mbuzi hupita kwa haraka. Waziri wa Biashara, Mheshimiwa Daktari Bwakila Mavumbo, ambaye udaktari wake alipewa na chuo alichokijengea vyoo, akaenda kuweka jiwe la msingi. Jiwe likaibwa. Akaweka la pili, wapambe wakagundua linatazama magharibi, na magharibi ndiko alikozaliwa mpinzani wake. Likang'olewa. La tatu likakaa. Kila jiwe lilichinjiwa ng'ombe, kwa hiyo hakuna aliyelalamika sana.

Kisha, ndani ya uzio, ukajengwa uwanja wa magari elfu nne. Tutafika nzima ilikuwa na magari mia tisa, na mia nane na sitini kati ya hayo yalikuwa ya Serikali, nayo ya Serikali hayaendi sokoni, yanatuma. Lakini uwanja ulipendeza! Lami nyeusi tii, mistari myeupe, kila nafasi na namba yake. Ulipokwisha, bajeti nayo ikawa imekwisha. Maduka yenyewe yakawa vizimba sitini vya mabati. Hata hivyo ngazi ya umeme, ile inayopanda yenyewe, ilikuwa imeshafika bandarini, na kwa kuwa imo katika ripoti ilibidi isimikwe. Ghorofa hapakuwa. Ngazi ikawa inapanda, inapanda, inaishia hewani, na akaajiriwa askari wa kuwazuia watu wasiifuate.

Mahali hapo pakaitwa Kituo Kikuu cha Kisasa cha Biashara Jumuishi na Endelevu. Wananchi walijaribu jina hilo siku mbili, pumzi ikawaishia, wakapaita Kule.

Jumatatu moja katapila mbili zikaingia Kwa Mfuga. Bi Sikudhani aliokoa iliki, mdalasini na pilipili manga kwa kuzifunga kwenye kanga. Binzari yote ilimwagika, na katapila ikatoka na magurudumu ya manjano. Rafiki yake Chausiku, muuza bamia, alipanda juu ya meza yake akakataa kushuka, ikabidi abebwe pamoja na meza, huku akitukana.

"Hatubomoi soko," alisema Mheshimiwa Mavumbo kwenye kipaza sauti, vumbi likimwingia mdomoni. "Tunalipandisha hadhi!"

*

Kule kulikuwa na taratibu. Msimamizi wake, Bwana Kapongo, kijana msafi mwenye tai na kalamu tatu mfukoni, aliwakusanya wafanyabiashara sitini siku ya kwanza akawasomea.

Lango kuu, la wateja, lilikuwa limefungwa utepe mwekundu, na utepe huo ulikuwa ukatwe na Rais mwenyewe. Mpaka hapo, hakuna mteja wa kupita. Rais alikuwa na shughuli nyingi, lakini angeweza kutokea saa yoyote, na itakuwa aibu ya taifa akikuta vizimba vitupu. Kwa hiyo kila mwenye kizimba lazima awepo: aletwe na lori la Serikali saa kumi na mbili asubuhi, aitwe jina, akae na bidhaa zake, arudishwe saa kumi na mbili jioni. Atakayekosa siku moja, kizimba kinakwenda kwa mwingine.

"Sasa mwanangu," Chausiku aliuliza, "sisi tunamuuzia nani?"

"Mama, hapa hatuuzi. Tupo katika awamu ya utayari."

Awamu ya utayari ilichukua miezi saba. Bamia za Chausiku zilianza kama bamia, zikaishia kuwa kamba. Bi Sikudhani alikaa kizimba namba kumi na nane, anafuta makopo, anayapanga, anayafuta tena. Chakula cha nyumbani kilitokana na kaposho ka Serikali ka utayari, kalikotosha unga na chumvi, na kizimba kikipotea kanapotea nacho. Kila asubuhi alimwacha Mzee Lubinza ameegemea mito, kwa sababu akilala chali pumzi haipiti. Jirani yao alikuwa akimchungulia. Mzee mwenyewe alikuwa akimuuliza kila jioni, kwa utani ambao haukumchekesha yeyote, "Leo umepata wateja?"

"Bado, baba Nyamizi."

"Watakuja tu. Wewe vumilia."

*

Alikufa Alhamisi, saa tatu asubuhi, mikononi mwa jirani. Simu ilimfikia Chausiku, maana ya Bi Sikudhani haikuwa na chaji. Chausiku alitoka kizimbani kwake taratibu, akamshika mwenzake mabega. Bi Sikudhani alikaa chini palepale kwenye saruji, kopo la pilipili manga mkononi, akalia kama mtu aliyekuwa akilia kwa miezi saba na sasa ndiyo ameruhusiwa sauti.

Jirani, kwa uchungu, alikuwa amesema kwenye simu yale maneno ambayo mtu angeyaficha. Mzee alikuwa ameuliza mara mbili, "Mama Nyamizi hajarudi?" Akaambiwa bado. Akasema basi asisumbuliwe, yuko kazini.

Katika nchi ya Tutafika maiti hailazwi. Anayekufa asubuhi huzikwa kabla jua halijatua. Wafanyabiashara sitini wakaacha vizimba vyao bila kuambizana, wakamfuata Bwana Kapongo.

"Tumefiwa," alisema Chausiku. "Soko linafunga. Tufungulie lango twende tukazike."

Kapongo alivua kofia, akatoa pole, pole ya kweli kabisa, kisha akafungua kitabu cha taratibu. Alikisoma kwa muda mrefu, kidole kikitembea juu ya mistari.

"Mama zangu, baba zangu. Kituo hakiwezi kufungwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hakijafunguliwa."

Bi Sikudhani alifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mwanangu," alisema, "mimi sitaki hicho kizimba tena. Mpe umtakaye. Niache nikamzike mume wangu."

"Ukikiacha, mama, ni sawa, fomu ipo. Lakini lori ni la jioni, na kabla ya jioni sina amri ya kumtoa mtu. Jioni jua linatua, najua. Mimi si mtu mbaya. Nimekuta imeandikwa."

Wakati huo mjini habari zilikuwa zimeenea, na mnajua habari ya msiba ilivyo, haina breki. Watu wa Kwa Mfuga, wale wote waliokuwa wakinunua pale, wapagazi, mama ntilie, washona viatu, wateja wa miaka thelathini, walikuwa hawajapata mahali pa kukutana tangu soko livunjwe. Walipoona wenye soko hawaji, wakakumbuka desturi: maiti ya soko haizikwi bila soko. Kama soko limefungiwa Kule, basi Mzee Lubinza atapitia Kule, awachukue wenzake, ndipo aende Bondeni. Wakamweka kwenye jeneza, jeneza kwenye mkokoteni, wakaanza safari ya kilomita kumi na tisa, wengi kwa miguu, wachache kwa baiskeli. Njiani waliongezeka. Mpita njia wa Tutafika akiona jeneza haulizi la nani, anageuza tu na kufuata.

Saa nane mchana walifika watu elfu mbili.

Kapongo aliwaona kutoka mbali akadhani ni maandamano. Alipojua ni maziko, alifarijika, kisha akataabika upya. Lango kuu lina utepe. Utepe haukatwi ila na Rais. Jua linawaka, watu wanaimba nyimbo za maombolezo, na ndani mjane analia huku ameshika nondo za lango. Jamani, Kapongo naye alizaliwa na mama. Akafungua kitabu chake tena, akapata njia.

"Lango la bidhaa halina utepe," alisema.

Basi Mzee Lubinza akapitishwa lango la bidhaa. Katika daftari la kuingizia mizigo aliandikwa: *Sanduku la mbao, moja. Wapakizi, elfu mbili.*

*

Bi Sikudhani alimwona mumewe, akamgusa uso. Wafanyabiashara wakapita mmoja mmoja wakaaga. Ilikuwa saa tisa na nusu. Chausiku akasema twendeni sasa, tukikaza mwendo tutafika Bondeni kabla jua halijatua, maana sasa kuna watu elfu mbili hapa, na hakuna Kapongo wa kuwazuia watu elfu mbili. Ni kweli, watu hakuwazuia. Alisimama pembeni akawaambia wapakizi wanaweza kutoka, kazi yao imekwisha, na wenye vizimba anafumba macho, liwalo na liwe. Lakini mbele ya mkokoteni askari sita wa lango la bidhaa walishusha kizuizi cha chuma.

"Risiti," alisema mkubwa wao.

"Risiti ya nini?"

"Ya mzigo. Bidhaa ikishaingia Kituoni haitoki bila risiti ya mauzo. Ni kuzuia wizi."

"Huyu ni mume wangu!" Bi Sikudhani alipiga ukelele.

"Hakuna anayekataa, mama. Risiti tu."

Kapongo mwenyewe alikimbia kwenye chumba cha mashine za risiti. Zilikuwa arobaini, mpya, zimefunikwa nailoni, na zote zilikuwa zimefungwa zisifanye kazi mpaka utepe ukatwe. Alipiga simu Wizarani mara kumi na moja. Mara ya kumi na moja ilipokewa na mtu aliyemuuliza kama amepiga kwa makusudi. Jua likashuka, likashuka. Vijana walitaka kukirukia kizuizi, na askari wakakoki bunduki. Bi Sikudhani akaona watoto wa watu wanataka kufa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa.

"Basi," alisema. "Basi, wanangu. Inatosha. Mchimbeni hapa."

Wakavunja lami kwenye nafasi ya kuegesha namba mia mbili na tano, ile iliyokuwa na udongo laini kidogo chini yake. Mzee Lubinza akazikwa kati ya mistari miwili myeupe. Bi Sikudhani hakulia tena. Alipiga magoti akasema kwa sauti ambayo Chausiku peke yake aliisikia, "Nisamehe, baba Nyamizi. Nilikuahidi."

*

Picha ilitoka kwenye gazeti la Serikali siku ya pili. Mpiga picha alikuwa juu ya ile ngazi inayoishia hewani, na kutoka huko jeneza halikuonekana. Ulionekana umati tu, umejaa uwanja, vichwa kwa vichwa. Chini yake pakaandikwa: *Maelfu wafurika Kituo Kikuu.*

Mheshimiwa Mavumbo aliitazama picha hiyo, wakasema wapambe wake, mpaka chai ikapoa. Siku ya kuanua matanga alikuja Kule mwenyewe na magari kumi na saba, na kwa mara ya kwanza uwanja ule ukapata magari. Alipoelezwa kilichotokea, hakuaibika hata kidogo. Alipanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Tume ilizunguka dunia nzima ikitafuta kinacholeta watu, kumbe tunacho wenyewe! Mtutafika ukimwita dukani, haji. Lakini msibani anakwenda bila kuitwa, kwa miguu, kilomita kumi na tisa! Huu ni utamaduni wetu, na utamaduni ni rasilimali! Wahenga walisema kufa kufaana. Sisi tulikuwa tunalisema tu, hatukuwa tumelitungia sera!"

Wapambe wakapiga makofi. Baadaye akaletwa Bi Sikudhani ili apewe cheti cha Balozi wa Biashara. Alikipokea kwa mikono miwili, kama heshima inavyotaka, akasema hana la ziada ila ombi moja. Ipo nafasi Bondeni, pembeni ya mwanawe, aliyoiacha marehemu mwenyewe. Anaomba ruhusa mumewe afukuliwe akalazwe huko.

Mheshimiwa alimshika bega kwa upole. "Mama yangu, ningekuwa na uwezo ningekusaidia. Lakini yule sasa si mume wako tu. Yule sasa ni miundombinu."

Bi Sikudhani alirudi kizimba namba kumi na nane. Mtu atauliza, kwa nini alirudi? Angekwenda wapi? Soko halipo, nyumba haina mtu, na mumewe yuko Kule. Akawa kila asubuhi anashuka kwenye lori, anapita nafasi namba mia mbili na tano, anang'oa majani yaliyoanza kuota kwenye nyufa za lami, kisha anakwenda kuitwa jina.

*

Wiki mbili baadaye sera ikashuka. Kila Alhamisi Kituo kiwe na msiba. Ili mipango iende vizuri, kila mwenye kizimba atajaza fomu ya kumtaja mgonjwa mmoja anayemtarajia. Kapongo alipita na fomu hizo zimepangwa vizuri kwenye faili. Tai yake ilikuwa imelegea na macho hakuyainua.

Alianza kwa Chausiku. Mama yake Chausiku alikuwa kitandani tangu mwezi wa Ramadhani, na Kule kote walijua. Chausiku aliishika kalamu, akaiweka juu ya mstari, asiandike. Yeye, aliyebebwa juu ya meza akitukana, safari hii hakuwa na tusi.

"Jina tu, mama," Kapongo alinong'ona. "Usipojaza wanachukua kizimba. Na wamesema wanaweza kumleta mgonjwa mapema, hapa kuna hewa nzuri."

Bi Sikudhani alitoka kizimbani kwake. Akaichukua fomu mkononi mwa mwenzake, akaichukua na kalamu.

"Wewe ulishachangia, mama," Kapongo alisema haraka. "Kizimba chako kimesamehewa."

"Nachangia tena."

Akaiweka fomu juu ya kopo la iliki, akaandika polepole, kwa mwandiko wa shule ya msingi, kila herufi ikisimama peke yake. Akamrudishia. Kapongo akasoma. Akasoma tena. Kwenye mstari wa jina paliandikwa: *Mheshimiwa Daktari Bwakila Mavumbo.* Kwenye uhusiano: *Baba yetu sote.* Kwenye tarehe aliandika Alhamisi.

Kapongo alitazama lango, akatazama askari, akatazama ile nafasi namba mia mbili na tano. Alikuwa mtu wa taratibu, na fomu ilikuwa na nafasi moja tu iliyobaki wazi.

"Hapa kwenye ugonjwa hujajaza," alisema. "Anaumwa nini?"

"Bado hajaambiwa," alijibu Bi Sikudhani.

Kapongo akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi, akagonga. Chausiku alinyoosha mkono juu ya makopo.

"Nipe na mimi fomu nyingine," alisema, "niandike huyohuyo."